Haraka ya Mwandishi Hutua Dawatini

Nazungumza nawe kutoka Kona ya Musa, huku kwetu Diani.

Chukua kitabu chochote cha shule cha mwanao, kiwe cha Kiswahili, cha Sayansi au cha Kilimo. Kwenye jalada pana watoto wanaotabasamu, pana nembo ya mchapishaji, na pana maneno ya kuthibitisha kwamba kitabu kimeidhinishwa. Chini, kwa herufi ndogo, pana majina matatu au manne. Hao ndio waandishi. Baadhi ni walimu wanaoandika usiku baada ya kusahihisha madaftari, baadhi wamestaafu, na wengine, kama mimi, hawana mwajiri. Wanaandikia mchapishaji huyu mwaka huu na yule mwaka ujao, wakiwa nyumbani kwao.

Nataka leo tuwatazame watu hawa, kwa sababu kuna jambo naliona kila msimu na silisikii likisemwa kwa uzito unaostahili. Namna mwandishi wa kitabu cha shule anavyoishi wiki yake ndiyo inayoamua mtoto atakutana na ukurasa wa namna gani darasani. Mwandishi akikimbizwa, kitabu nacho kinakimbizwa, na anayelipa ni mtoto wa Gredi ya 4 kule Msambweni au Lunga Lunga, asiye na kitabu kingine cha kulinganisha.

Kazi yenyewe huja hivi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, hutoa muundo wa mtaala wa kila somo na kila gredi. Ndani yake mna mada na mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji zinazopendekezwa, maswali dadisi, na jedwali la kumpima mwanafunzi. Kisha wachapishaji huambiwa tarehe ya kuwasilisha miswada. Mchapishaji naye huwasaka waandishi, huwaunganisha watu ambao pengine hawajawahi kuonana ana kwa ana, huwagawia mada na kuwapa makataa. Mmoja yuko Kakamega, mwingine Nyeri, mwingine hapa Kwale, na mhariri wao yuko Nairobi. Mswada ukikamilika unapelekwa KICD kukaguliwa. Ukifaulu, utachapishwa. Usipofaulu, kazi yote hiyo inabaki kwenye kompyuta ya mwandishi.

Sasa fikiria kasi ya miaka hii. Mtaala wa umilisi uliingia rasmi katika Gredi ya 1 hadi ya 3 mwaka 2019, na Gredi ya 4 ikafuata mwaka 2020. Gredi ya 7 ilifunguliwa Januari 2023, ya 9 ikafika mwaka 2025, ya 10 mwaka 2026. Kila gredi mpya ilihitaji vitabu vipya katika kila somo, pamoja na mwongozo wa mwalimu kwa kila kitabu. Na hapo katikati, baada ya jopo la rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kutoa mapendekezo yake, masomo ya sekondari ya msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9, mengine yakaunganishwa, na miundo ikaandikwa upya. Mwandishi aliyekwisha kuuzoea muundo wa awali akaanza kujifunza tena.

Kwa hiyo mwaka wa mwandishi anayejitegemea hauendi sawasawa. Kuna majuma ambayo simu hailali, na kuna miezi ambayo haiiti kabisa. Katika majuma yale ya kwanza mtu hula akiwa mezani na hulala saa chache. Katika miezi ile ya pili hulala, lakini kwa wasiwasi, kwa sababu kodi ya nyumba haijui msimu. Vipindi vyote viwili huumiza, ila kile cha kwanza ndicho watu hukisifia. Tumeanza kumwona mwandishi aliyekesha siku kadhaa kuwa shujaa, na mimi sioni ushujaa hapo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti wao mwezi Mei 2021 yakieleza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba huongezeka kwa asilimia 17. Aliyeajiriwa ana angalau sheria ya ajira na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa kumsemea. Mwandishi wa nyumbani hana anayemhesabia saa.

Halafu kuna kitabu chenyewe. Mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, kwa nia njema kabisa ya kumpa kila mtoto kitabu chake kwa kila somo. Muda si mrefu, makosa yaliyoonekana katika baadhi ya vitabu yakazua mjadala nchi nzima. Walilaumiwa wachapishaji, wakalaumiwa wakaguzi. Swali ambalo ningependa lingeulizwa kwanza ni hili: walioandika walipewa majuma mangapi? Mtu aliyechoka hasomi alichoandika, husoma alichokusudia kuandika. Jicho linaruka neno lililokosekana. Hesabu ya mfano inakuwa sahihi kichwani na kwenye karatasi ina kasoro. Na kwa kuwa kitabu sasa kinakwenda nchi nzima kwa mkupuo, kosa la usiku mmoja linasomwa na watoto wengi mno kabla ya mtu kulisahihisha.

Ndiyo maana nasema mapumziko ya mwandishi ni sehemu ya ubora wa elimu, na nasema hivyo nikimaanisha.

Tuje kwenye wiki yenyewe. Huku pwani, aandikaye hana budi kuifuata hali ya hewa. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na joto limekaza, akili hufanya kazi alfajiri. Baada ya swala, kabla jua halijayapasha mabati, hapo ndipo ukurasa mgumu unapoandikwa, yaani maelezo ya dhana mpya, hadithi ya ufahamu, zoezi linalohitaji kupimwa neno kwa neno. Ikifika saa tano, nguvu hiyo imepungua, na mwenye busara huhamia kazi nyepesi: kupanga picha za mchoraji, kujibu maoni ya mhariri, kulinganisha mazoezi na matokeo yanayotarajiwa. Stima ikikatika, na huku haiulizi ruhusa, kalamu na daftari vinatosha. Nimeona hata ni vizuri zaidi kwa hadithi za watoto wadogo, kwa kuwa mkono hukataa sentensi ndefu mapema kuliko kompyuta.

Macho yanahitaji kulindwa. Madaktari wa macho wanashauri kwamba kila baada ya dakika 20 mbele ya kioo, utazame kitu kilicho umbali wa futi 20, yapata mita sita, kwa sekunde 20. Hapa hatukosi cha kutazama, hata kama ni mnazi wa jirani na kima anayeukwea. Mgongo nao una haki yake. Kiti cha plastiki cha kula chakula hakikuundwa kwa ajili ya mtu wa kuandika kutwa, na mwandishi anayepata malipo yake ya kwanza, kabla ya simu mpya, anunue kiti. Jioni atembee. Mwongozo wa afya unasema dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki ndizo za chini kabisa kwa mtu mzima, na kutoka Kona ya Musa kwa miguu mtu huzimaliza bila kulipia chochote.

Upweke ndio ugonjwa ambao hatuutaji. Mwalimu ana chumba cha walimu, na mwandishi wa habari ana chumba cha habari. Mwandishi wa vitabu ana mlango uliofungwa na kikundi cha WhatsApp ambacho kinanyamaza siku mswada unapowasilishwa. Mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila kuzungumza na mtu mzima yeyote juu ya kazi yake. Ijumaa hutusaidia sisi wa huku, kwa sababu adhana ya adhuhuri inamtoa mtu nyumbani, na baada ya swala watu husimama wakasalimiana na kuulizana hali. Mkristo ana Jumapili yake. Lakini baina ya siku hizo ni lazima mtu ajitafutie wenzake, akae kibarazani na mwalimu mstaafu, amtembelee mwenzake wa kazi aliyeko Ukunda, wasomeane walichoandika. Kusomeana kwa sauti hufichua kasoro ambazo macho ya peke yake hayazioni.

Sasa nifike ninapotaka kukaa kidogo: kujiendeleza. Katika kazi za mshahara, kujiendeleza maana yake ni semina, cheti na chai ya saa nne. Anayejitegemea hasubiri kualikwa. Ile miezi ambayo simu haiiti ndiyo shule yake, na nasisitiza kwamba hiyo ni kazi halisi, hata kama hakuna anayeilipia mwezi huo. Mwenye kuitumia vizuri huingia msimu wa makataa akiwa na shehena tayari, na haraka haimkuti mikono mitupu.

Chukua Gazi, hapo kati ya Ukunda na Msambweni. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda na kupanda mikoko, hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu ule inauzwa, na mapato yanarudi kwa jamii katika maji na mahitaji ya shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwandishi wa somo la mazingira aliyeko Nairobi, akiwa amebakiwa na siku mbili, ataandika kwamba mikoko huzuia mmomonyoko na huwa mazalio ya samaki. Ni kweli, lakini hayo yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Mwandishi aliyepata kupita kwenye daraja la mbao la akina mama wa Gazi, lililo ndani ya mikoko, akawauliza, anarudi na kingine kabisa. Anajua kwamba, kati ya aina za mikoko, mlilana husimama mbele kuelekea bahari na mchu hustahimili chumvi nyingi. Anajua kwamba mizizi ya mkoko huinama kama miguu ya kaa ilhali ya mchu huchomoza topeni wima, ikitafuta hewa. Anajua kwamba jani la mchu hutoa chumvi, na mtoto akiligusisha ulimini ataionja. Hapo pana shughuli ya ujifunzaji ambayo haihitaji maabara! Mtoto wa Gazi atajiona kitabuni, na mtoto wa Bomet asiyewahi kuiona bahari atapata kitu cha kuulizia.

Ukanda huu una mengi ya namna hiyo. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, inaweza kubeba mada ya jamii, ya mimea na ya maadili kwa pamoja. Mapango ya Shimoni, Msikiti wa Kongo pale Diani, ngalawa za Msambweni, vyote vinasubiri mwandishi mwenye muda. Na aandikaye kwa ajili ya watoto wa Kwale akijue Chidigo, lugha ya Wadigo, maana sera inasema mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Kamusi ya Mgombato, ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, ipo. Ikae mezani karibu na kamusi za Kiswahili.

Kuna pia kwenda darasani. Namsihi kila mwandishi mwenzangu aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, akae nyuma ya darasa, atazame kitabu kikitumika. Ataona zoezi aliloliona jepesi likiwameza watoto kipindi kizima. Ataona mwalimu mwenye darasa kubwa akiruka shughuli ya vikundi kwa sababu nafasi ya kusogeza madawati haipo. Ataona kitabu kinachosema "tazameni video ifuatayo" katika darasa lisilo na stima. Hakuna semina inayofundisha kwa kasi hiyo.

Pwani hii ina jadi ya kujifundisha na kuandikia watoto. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu, aliona watoto wa Mombasa wanahitaji mafundisho ya dini kwa lugha wanayoielewa, naye akaandika Hidayatul Atfal kwa Kiswahili. Huyu ndiye aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, tena akiwa na kazi nyingine nzito juu ya mabega. Karibu na wakati wetu, Ahmed Sheikh Nabhany, mtaalamu wa Kiswahili aliyefariki mwaka 2017, aliketi Mombasa na maprofesa wakamfuata kuchota kwake, ilhali hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alisoma kwa kuuliza wavuvi, mafundi na akina bibi. Ninapowataja hawa sisemi kwamba mtu asiende chuoni. Nasema mwandishi wa Kwale asijione yuko pembeni kwa kuwa yuko mbali na Nairobi, kwa maana yuko karibu na chanzo.

Sasa pesa, kwa ufupi, kwa sababu utulivu wa moyo wa mwandishi mara nyingi umo humo. Kuna njia mbili za kulipwa. Ya kwanza ni mrabaha, fungu la mauzo, ambalo kwa kawaida huwa asilimia 10 au karibu na hapo. Ya pili ni malipo ya mkupuo mmoja, unalipwa na unaondoka. Mwenye njaa huchagua ya pili, na simlaumu. Lakini ajue sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi uliyoagizwa na mtu kuiandika, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imekwenda kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wako. Usipoyaandika mkiwa bado mnazungumza, baadaye mlango haufunguki. Walimu wengi wa huku hutia sahihi kwenye simu, wamesimama stendi, bila kusoma ukurasa wa tatu.

Mrabaha unapofika, mchapishaji hukata kodi ya asilimia 5. Dai cheti chake, na uwasilishe ritani zako kabla ya tarehe 30 Juni. Bima ya afya ya SHA kwa anayejitegemea ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa uzee, hazina ya NSSF ina mpango wa Haba Haba, kuanzia shilingi 25 kwa siku. Ni kidogo, lakini mtu asiye na pensheni aanze na kidogo hicho katika msimu wa malipo, asingoje msimu wa ukame. Na Serikali nayo isisahaulike. Inapodaiwa mabilioni na wachapishaji kwa vitabu vilivyokwisha kufika shuleni, deni hilo huteremka hatua kwa hatua hadi kwenye daftari la mkopo la duka la mtaani, lenye jina la mwandishi.

Kwa wachapishaji nina maombi mahususi. Mkigawa kazi, andikeni katika mkataba muda wa chini wa kuandika na muda wa mwandishi kuisoma kurasa zake za mwisho kabla hazijaenda mtamboni. Lipeni sehemu ya malipo mswada unapopokelewa, msingoje matokeo ya ukaguzi, kwa kuwa mwandishi amekwisha kufanya kazi. KICD inapotoa muundo mpya na mnafundisha wahariri wenu kuutumia, mwiteni na mwandishi wa nje ya Nairobi kwa njia ya video, maana bando analo. Nanyi KICD, kila juma mnaloliongeza kati ya kutolewa kwa muundo na tarehe ya kupokea miswada, mnampa mtoto.

Na wewe mwalimu wa Msambweni, Kinango au Lunga Lunga, mwenye daftari la hadithi na mazoezi uliyoyatunga mwenyewe kwa kuwa kitabu hakikutosha: hayo uliyonayo yamekwisha kupimwa na watoto halisi, jambo ambalo miswada mingi inayofika Nairobi haijalipata. Miundo ya mtaala ipo wazi kwenye tovuti ya KICD. Pakua wa somo lako, ukae nao likizo ya Agosti, uweke alama kila mahali ambapo daftari lako lina jibu. Simu ya mchapishaji ikija, utakuwa umeanza kabla yake.